MBOGA KWA HIARI NA MBOGA KWA KUKOSA

Somo la vikundi vya nyumbani
Tusome kwanza: Danieli 1:8-16 na 10:2-3, Warumi 14:1-6, Yohana 21:9-13



Kila mwaka, tangu tarehe 1 Desemba mpaka mwisho wa Februari, serikali ya Zambia hufunga uvuvi katika Ziwa Mweru ili samaki wazae. Miezi hiyo samaki wa Mununga wanakuwa haba, na sufuria zetu zinabaki na sombe, lengalenga, matembele, na maharagi kama yapo. Ndipo maneno huanza kati yetu. Mmoja anasema kwamba mtu wa roho hali nyama wala samaki. Mwingine anamcheka. Tumeona hata mama aliyepata chisense akawanyima watoto wake, akifikiri anawalea katika utakatifu. Kwa hiyo tujifunze jambo hili vizuri.

1. MANENO MAWILI YANAYOCHANGANYWA

Neno la kwanza ni vegani. Lilianza Uingereza mwaka 1944, wakati Donald Watson na wenzake walipounda chama cha watu wasiokula nyama, samaki, maziwa wala mayai. Vegani wa kweli hatumii kitu cho chote kitokacho kwa mnyama: hali asali, havai viatu vya ngozi. Sababu yake kubwa ni dhamiri, yaani hataki mnyama aumizwe au atumiwe kwa ajili yake.

Neno la pili ni mlo wa mimea. Hapa sababu kubwa huwa ni afya. Mtu anajaza sahani yake nafaka, maharagi, karanga, mboga na matunda. Wengine huacha kabisa vya wanyama, wengine hula kidogo. Anaweza kula samaki mara moja kwa juma na kuvaa mkanda wa ngozi bila neno.

Basi vegani huuliza, "Kitu hiki kimetoka wapi?" Mwenye mlo wa mimea huuliza, "Kitu hiki kitaufanyia nini mwili wangu?" Mtu anaweza kuwa vegani akashinda akinywa soda na kula biskuti, hajavunja sharti lake, lakini mwili haukupata faida.

2. DANIELI ALIKUWA NANI?

Wengi humtaja Danieli. Ni kweli, alikula mboga na maji siku kumi, na Mungu akampa afya. Lakini alikataa chakula cha mfalme ili asijitie unajisi. Tena katika sura ya 10 tunasoma kwamba aliacha nyama na divai kwa majuma matatu ya maombolezo. Mtu huacha kile alichokuwa akikitumia. Basi Danieli hakukataa nyama maisha yake yote. Naye Bwana wetu, baada ya kufufuka, aliwaandalia wanafunzi samaki juu ya makaa, kando ya ziwa kama hili letu.

Paulo anakataza mambo mawili: anayekula asimdharau asiyekula, na asiyekula asimhukumu anayekula.

3. NA SISI JE?

Wengi wetu tulivuka kutoka Katanga na Tanganyika mwaka 2017, tukapitia Kenani, na Mantapala ikafunguliwa mwaka 2018. Hatukuchagua mboga, mboga ndiyo iliyokuwepo. Kukosa si dhambi, lakini kukosa si kufunga pia. Anayefunga ametoa kitu kwa hiari yake. Tusiupake umaskini rangi ya utakatifu, hasa mbele ya mtoto mwenye njaa.

Kuna hatari mbili za kujua. Kwanza, vitamini B12 haipatikani katika mboga wala maharagi. Imo katika samaki, nyama, mayai na maziwa. Ikikosekana muda mrefu, damu hupungua na mishipa ya fahamu huharibika. Vegani wa Ulaya hununua vidonge au vyakula vilivyoongezewa. Sisi tutavipata wapi? Mama mjamzito, anayenyonyesha na mtoto mdogo ndio wa kuangaliwa kwanza.

Pili ni konzo, ugonjwa ulioelezwa na waganga kule Kwango, Kongo, mwaka 1938. Miguu hupooza ghafula na haiponi. Huwapata watu wanaokula mihogo michungu isiyolowekwa vya kutosha, huku chakula cha kujenga mwili kikikosekana. Njaa ikibana, watu hupunguza siku za kuloweka. Tusifanye hivyo.

4. TUFANYE NINI?

- Tuloweke mihogo michungu siku tatu au zaidi, kisha tuikaushe vizuri juani. Sombe itwangwe na kuchemshwa sana.
- Bukari iende pamoja na maharagi au karanga.
- Tuweke akiba ya chisense kavu kabla ya Desemba. Hata kiganja kimoja kilichotwangwa ndani ya uji humsaidia mtoto.
- Anayetaka kuacha nyama na samaki kwa dhamiri yake, aache kwa amani, lakini asimfungie mtoto nadhiri ambayo mtoto hakuiweka.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika nyumba yetu, ni chakula gani tumekiacha kwa hiari, na kipi tumekikosa?
2. Ni nani kati ya majirani zetu ambaye sufuria yake haina hata maharagi? Kikundi chetu kitamfanyia nini juma hili?

Mungu awabariki.