Hedhi yenye maumivu makali: Je, ni lazima kizazi kitolewe?

Kuna akina mama ambao hedhi huwalaza kitandani kila mwezi. Damu hutoka kwa wingi ikiwa na mabonge, pedi hubadilishwa kila baada ya saa moja au mbili, na maumivu ya kiuno na tumbo huwazuia kwenda kazini. Wengi huambiwa wavumilie. Wengine, baada ya kuteseka kwa miaka mingi, huelezwa kwamba tiba iliyobaki ni kutoa kizazi. Kwa mwanamke ambaye bado anatamani mtoto, hayo ni maneno mazito.

Mojawapo ya maradhi yanayoleta hali hii huitwa adenomayosisi. Kwa kawaida, utando wa ndani ya kizazi hubomoka na kutoka kama hedhi. Katika maradhi haya, tishu zinazofanana na utando huo huwa zimeingia ndani ya misuli ya ukuta wa kizazi. Misuli huvimba, na kizazi hukua kikawa kizito na chenye maumivu. Maradhi haya si saratani.

Mara nyingi adenomayosisi hudhaniwa kuwa faibroidi. Tofauti yake ni kubwa. Faibroidi ina mpaka wake, na daktari huweza kuichomoa kama kokwa ya avokado. Adenomayosisi iliyoenea ni kama mafuta yaliyokandwa ndani ya unga wa chapati: huwezi kuyatoa bila kutoa na unga. Ndiyo sababu upasuaji wake ni mgumu. Picha ya altrasaundi inayopigwa kupitia ukeni, au ile ya MRI, husaidia kutofautisha.

Matibabu huanza kwa dawa: za kutuliza maumivu, za kupunguza damu, au koili yenye homoni. Koili hii huwasaidia wengi, lakini huzuia mimba pia. Mwanamke aliyekaribia kukoma hedhi huenda asihitaji zaidi ya hayo, kwa maana dalili hupungua hedhi inapokoma.

Dawa zikishindwa, na mgonjwa akataka kubaki na kizazi chake, upasuaji wa kukihifadhi upo. Ikiwa ugonjwa umejikusanya mahali pamoja, sehemu hiyo hukatwa na ukuta kushonwa. Ukiwa umeenea, kazi huwa kubwa zaidi. Daktari Hisao Osada wa Japani alibuni njia ya kupasua kizazi, kuondoa misuli yenye ugonjwa, na kuacha takriban sentimita 1 upande wa ndani na sentimita 1 upande wa nje. Kisha kuta hushonwa kwa kulaliana, tabaka juu ya tabaka, ili kizazi kipate nguvu. Mwaka wa 2011 alitoa taarifa ya wanawake 104 aliowatibu hivyo. Kati ya 26 waliotaka kuzaa, 16 walipata mimba, na 14 wakajifungua watoto wenye afya.

Hata hivyo, ni vyema ieleweke kwamba upasuaji huu una gharama yake. Damu nyingi huweza kupotea, ugonjwa unaweza kurudi, na mimba haina hakikisho. Kizazi chenye kovu huweza kupasuka wakati wa mimba au uchungu, na kondo la nyuma huweza kung'ang'ania ukutani. Kwa hiyo mama husubiri kwa miezi kadhaa kama atakavyoshauriwa kabla ya kushika mimba, na kwa kawaida hujifungua kwa upasuaji uliopangwa, katika hospitali yenye damu ya kuongezea. Asithubutu kujifungulia nyumbani.

Kwa aliyemaliza kuzaa, kutoa kizazi bado ndiyo tiba ya hakika, wala si jambo la aibu.

Basi ukiambiwa ukubali upasuaji, muulize daktari wa magonjwa ya wanawake maswali haya: Ugonjwa uko mahali pamoja au umeenea? Dawa zote zinazonifaa zimejaribiwa? Je, aliyezoea upasuaji wa kuhifadhi kizazi ni nani? Pima pia kiwango cha damu mwilini, kwani wengi huwa tayari wamepungukiwa. Na kama unatokwa na damu ilhali ulikwisha kukoma hedhi, usingoje. Nenda ukapimwe mara moja.