Foto ya mpira: somo tulilolipata kwa taabu



Wengi wametuuliza kwa nini kundi letu la foto lilinyamaza mwezi mzima, bila kubandika hata picha moja ya mechi kwenye ubao ulio karibu na biro ya prefe. Tutasema yote. Lakini kwanza tufundishe kazi yenyewe, maana asiyejua kazi hataelewa kosa letu.

Jambo la kwanza ni mwangaza. Butembo na Beni ziko karibu kabisa na ikweta. Saa sita mchana jua liko juu ya utosi, na mchezaji anapata kivuli kizito chini ya paji la uso: macho hayaonekani, ni mashimo mawili tu. Bahati njema, mechi nyingi za mitaa hazianzi mbele ya saa tisa. Kati ya saa kumi na saa kumi na moja jua limekwenda upande, sura zinaonekana vizuri, hata lile vumbi la kiangazi linalotukohoza linakuwa zuri kwenye foto. Lakini usisinzie! Kwetu jua halichelewi. Saa kumi na mbili linazama, na nusu saa haijaisha ni giza. Penalti za mwisho mara nyingi zinapigwa kwa mwangaza wa kuazima, na mwenye aparei anarudi nyumbani na picha inayofanana na uji.

Simama jua likiwa mgongoni au ubavuni mwako. Tena ujue kwamba simu, kama aparei nyingine, inapima mwangaza wa vitu vyote kwa pamoja. Kama mbingu nyeupe imejaza nusu ya picha, simu inafikiri mwangaza ni mwingi, inapunguza, na mchezaji anatoka mweusi kama kaa, bila pua wala mdomo. Gusa uso wake kwenye kioo cha simu ili ipime pale. Hilo si kosa la ngozi yetu. Zamani hata filme za rangi zilisawazishwa kwa ngozi nyeupe: kampuni ya Kodak ilikuwa inatumia kadi yenye sura ya mwanamke mzungu kuwa kipimo cha rangi. Na kabla ya yote, pangusa kile kioo kidogo cha nyuma. Nusu ya foto mbaya tulizoletewa na wanafunzi wa mwaka wa kwanza zimeharibiwa na mafuta ya vidole, si kitu kingine.

Jambo la pili ni mwendo, na hapa tunafanya hesabu. Mpira uliopigwa kwa nguvu unaweza kwenda kilometa 72 kwa saa, ndiyo kusema metre 20 kwa sekunde moja. Aparei ikifungua jicho lake kwa sehemu moja ya 60 ya sekunde, mpira umekwisha kutembea sentimetre 33. Mpira wenyewe una upana wa sentimetre 22 hivi. Kwa hiyo utaona mkia mweupe, hutaona mpira. Kwa sehemu moja ya 500 mpira unatembea sentimetre 4 tu, na hapo unaonekana. Wenye aparei ya zamani ya filme wakumbuke kanuni hii: filme ya 100, jua kali, tundu la 16, mwendo wa 1/125. Ukifungua tundu mpaka 8, unapata 1/500. Mwenye simu achague mwangaza mwingi na apige foto nyingi kwa mfululizo. Na usivute picha kwa vidole ili mchezaji awe karibu. Tembea, miguu unayo!

Jambo la tatu ni foto ya ekipi kabla ya filimbi, ile ambayo watu wanaidharau. Wengine wanasimama mbio mbio, sita nyuma na watano mbele, na mpiga picha anakata wale wa pembeni. Sisi pia tulifanya hivyo. Munajua habari za eneo la Beni tangu Oktoba 2014, hatuna haja ya kuzieleza. Mwenzetu mmoja, beki wa kushoto, aliuawa njiani akitoka shambani pamoja na mjomba wake. Jamaa walipotafuta sura yake ya kuweka juu ya sanduku, walikuja kwetu. Tulikuwa na foto moja tu ya ekipi, naye alikuwa wa mwisho upande wa kushoto: sikio moja, bega, nusu ya kicheko. Mama yake aliichukua hiyo hiyo, akatushukuru. Tangu siku ile tunarudi nyuma hatua tatu kabla ya kupiga, tunahesabu vichwa kwa sauti, na tunaandika majina yote kumi na moja, pamoja na ya wale wa akiba.

(Tukumbushe pia: tangu Mei 2021, jimbo letu lilipowekwa chini ya utawala wa kijeshi, tulijifunza kutazama kilicho nyuma ya mchezaji. Askari, bariere au kambi ikionekana, geuza aparei upande mwingine. Foto ya korna haistahili kukulaza kashoni.)

Sasa tufike kwenye kosa letu.

Siku ile hatukuwa Matokeo kutazama Nyuki. Tulikuwa kwenye kiwanja cha kawaida, chenye mteremko, milingoti ya miti na ng’ombe wawili pembeni. Ekipi yetu ilipoteza moja kwa sufuri. Dakika za mwisho mshambuliaji wetu alipiga kichwa, gardieni akaupangusa mpira kwa mkono, mwamuzi akasema haukuingia. Mmoja wetu alikuwa mbele ya goli, metre kumi hivi, akapiga foto wakati ule ule. Tulipoitazama tuliruka kwa furaha: mpira unaonekana umekwisha kuingia ndani, mbali kabisa nyuma ya mstari! Hatukufikiri. Usiku tukaituma kwa watu wote. Chini yake tuliandika kwamba mwamuzi ni mwizi.

Kesho yake vijana walikwenda kwa yule mwamuzi, fundi wa baiskeli, mtu mzima mwenye watoto. “Goli ilikuwa! Foto iko hapa!” Walivunja dirisha na kupindua meza yake ya kazi. Yeye hakuumia, lakini binti yake alipigwa jiwe kwenye mkono.

Mwalimu wetu wa hesabu alisikia. Hakutukemea. Alichukua chaki akachora Thalès, ile ile tunayoilalamikia kila trimestre. Tuseme aparei iko kimo cha metre moja na nusu. Mpira uko mbele yake metre kumi, nao uko hewani kwa nusu metre. Vuta mstari toka jicho la aparei, upite kwenye mpira, mpaka ardhini. Kwa metre kumi mstari umeshuka metre moja. Imebaki nusu metre, kwa hiyo unahitaji metre tano tena kugusa udongo. Ndiyo kusema, kwenye foto mpira unaonekana umelala ardhini metre tano nyuma ya mahali ulipo kweli! Unaweza kuwa mbele ya mstari, na foto ikauonyesha ndani ya wavu.

Tulibisha, maana sisi ni wabishi. Basi tukaenda kiwanjani na kuutundika mpira kwa kamba, mbele ya mstari kabisa. Tukapiga foto toka mahali pale pale. Goli safi. Tukahamia kando, kwenye mstari wenyewe, tukapiga tena. Sheria inataka mpira mzima uvuke mstari wote, na huo haukuugusa hata kidogo. Mtu anayesimama sawa na mstari peke yake ndiye anayeweza kushuhudia, na siku ya mechi hakuna mmoja wetu aliyekuwa pale. Amri ya tisa tulikuwa tumeikariri tangu shule ya watoto, lakini hatukujua kwamba inaweza kuvunjwa kwa simu.

Mkubwa mmoja akatukumbusha Mwepu Ilunga. Tarehe 22 Juni 1974, huko Gelsenkirchen, Zaire ilicheza na Brazil. Brazil walipewa fri-kiki. Kabla hawajaipiga, Mwepu alitoka kwenye ukuta akaupiga mpira mbali. Dunia nzima ikacheka miaka na miaka: angalieni, Waafrika hawajui sheria! Picha ile haikuonyesha yaliyotangulia. Mechi ya mbele yake Zaire walikuwa wamefungwa tisa na Yugoslavia, na wachezaji walikuwa na malalamiko juu ya pesa zao. Mwepu alieleza baadaye kwamba watu wa Mobutu waliwatisha, na kwamba sheria aliijua vizuri. Alikufa 2015, na kicheko kile bado kinazunguka.

Siku ya Jumamosi tulikwenda kwa fundi, wote saba, pamoja na mwalimu. Tulikuwa tumechanga pesa za kioo cha dirisha. “Papa, tumekuja kuomba musamaha,” tulisema, kisha tukamwonyesha zile foto mbili na mchoro wa Thalès. Aliangalia muda mrefu, akatafuta miwani, akaangalia tena. Alituuliza kama siku ile mpira uliingia kweli ao haukuingia. Tulijibu kwamba hatujui. “Mimi najua,” akasema, “nilikuwa pale.” Binti yake alituletea chai kwa mkono mmoja, ule mwingine ulikuwa bado umefungwa.

Tulipotaka kuaga akasema: “Batoto yangu, miaka kumi na moja niko napuliza filimbi. Foto yote banapiga, mimi niko mugongo tu.” Akaingia ndani, akatoka na shati lake jeusi na filimbi shingoni.

Foto hiyo iko kwenye ubao tangu Jumatatu, ya pili toka kushoto. Tuliipiga saa kumi na nusu, jua ubavuni.