Msako wa Hazina kwa Latitudo na Longitudo: Somo la Jiografia na Fizikia katika Vilima vya Bukoba na Muleba

Kila mahali juu ya uso wa dunia pana anwani mbili. Ya kwanza ni ile waliyoipa wenyeji: jina la kilima, la kijito, au la kibanja cha mtu fulani. Ya pili ni ya nambari, yaani latitudo na longitudo. Mwanafunzi wa sekondari hujifunza anwani hii ya pili darasani, huijibia mtihani, na mara nyingi haitumii tena maishani mwake. Makala haya yanaeleza mchezo mmoja wa matembezi unaoweza kuitoa elimu hiyo darasani na kuipeleka kwenye njia za miguu, ambako baba, mama, babu na watoto wanaweza kushiriki pamoja. Tutaeleza pia sayansi iliyomo ndani yake, na jambo moja ambalo watumiaji wengi wa simu hawalijui: kwamba nambari ya mahali, ikitajwa bila kipimo chake, yaweza kumpoteza mtu huku ikimpa moyo kwamba amefika.

ASILI YA MCHEZO

Mfumo wa setilaiti uitwao GPS ulianzishwa na jeshi la Marekani. Setilaiti yake ya kwanza ilirushwa mwaka 1978, na mfumo ukatangazwa kuwa umekamilika mwaka 1995. Katika miaka hiyo mawimbi yaliyotumiwa na raia yalikuwa yamevurugwa kwa makusudi, hata mtu aliyesimama mahali pamoja aliweza kuambiwa kwamba yuko meta 100 kutoka hapo. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Mei 2000, kwa amri ya Rais Bill Clinton, uvurugaji huo uliondolewa.

Tarehe 3 Mei, mtu mmoja aitwaye Dave Ulmer alificha ndoo nyeusi msituni karibu na Beavercreek, katika jimbo la Oregon, akatangaza kwa intaneti latitudo na longitudo ya mahali hapo. Masharti yake yalikuwa mepesi: atakayeiona ndoo achukue kitu kimoja, aache kingine, kisha aandike jina lake daftarini. Ndoo ilipatikana baada ya siku chache tu. Mchezo ukaenea ulimwenguni kwa jina la jiokeshi. Sisi tutauita msako wa hazina.

SAA ZILIZO ANGANI

Msingi wa mfumo huu ni saa. Setilaiti za GPS huzunguka dunia mara mbili kwa siku, katika kimo cha kilometa 20,200 hivi. Kila moja imebeba saa za atomu na hutuma mawimbi ya redio yenye habari mbili: saa yalipoondoka na mahali setilaiti ilipo. Mawimbi hayo husafiri kilometa 300,000 hivi kwa sekunde. Kutoka setilaiti iliyo juu kabisa ya vichwa vyetu hadi Bukoba, safari hiyo huchukua kiasi cha sekunde 0.067. Kipokezi kilicho ndani ya simu hupima muda huo, hukizidisha kwa mwendo wa mawimbi, na hivyo hupata umbali.

Kwa umbali kutoka setilaiti tatu, mahali pangeweza kujulikana. Lakini saa ya simu si ya atomu. Ikikosea kwa sehemu moja tu ya milioni ya sekunde, umbali utakosewa kwa meta 300. Ndiyo sababu setilaiti ya nne inahitajika: hiyo humwezesha mtumiaji kulijua kosa la saa yake mwenyewe na kuliondoa.

Hapa fizikia ya Einstein hutoka vitabuni. Kwa sababu ya mwendo wake, saa iliyo katika setilaiti huchelewa. Na kwa sababu mvutano wa dunia ni hafifu kule juu, huwahi. Jumla yake ni kuwahi kwa sehemu 38 za milioni ya sekunde kila siku. Kama jambo hili lisingalisahihishwa, kosa lingaliongezeka kwa zaidi ya kilometa 10 kwa siku moja.

NAMBARI NA UMBALI

Mji wa Bukoba uko yapata nyuzi 1 dakika 20 Kusini, na nyuzi 31 dakika 49 Mashariki. Hapa karibu na Ikweta hesabu ni rahisi:

Uzi 1 wa latitudo ni kilometa 110.6.
Dakika 1 ni kilometa 1.84.
Sekunde 1 ni meta 31 hivi.

Longitudo nayo, kwa kuwa tu karibu na Ikweta, hukaribiana sana na vipimo hivi. Simu nyingi huandika nyuzi kwa desimali. Nafasi ya nne ya desimali ni sawa na meta 11, na ya tano ni meta 1.1. Simu njema, chini ya anga wazi, hukosea kwa meta 5 hivi. Kwa hiyo anayetaja nafasi saba za desimali kutoka kwenye simu yake anataja asichokijua.

Makosa matatu hutokea mara kwa mara, na mwalimu ayatazame kwa makini. La kwanza ni kudhani kwamba nyuzi 1 dakika 20 ni sawa na 1.20. Dakika ni sehemu ya sitini, hivyo jibu ni 1.333. Kosa hilo hupeleka watu karibu kilometa 15 mbali. La pili ni kusahau alama ya kutoa, ambayo kwa desimali huonyesha Kusini. Anayeandika 1.333 badala ya -1.333 atakuwa ametoka Bukoba akaenda kilometa 295 kaskazini, hadi upande wa Masindi nchini Uganda. Makosa haya mawili ni makubwa, na kwa sababu hiyo hugunduliwa upesi. La tatu ni dogo, tena halijionyeshi, na ndilo tunalotaka kulieleza kwa urefu.

RAMANI NA SIMU ZISIPOKUBALIANA

Dunia si tufe kamili. Ili kuipimia latitudo na longitudo, wapimaji hubuni kwanza umbo laini linalokaribiana nayo, kisha huamua umbo hilo lilazwe vipi juu ya dunia yenyewe. Uamuzi huo huitwa msingi wa vipimo. Ukibadili msingi, nambari za mahali hubadilika, ingawa jiwe ulilosimama juu yake halikusogea.

Ramani za zamani za Tanzania za kipimo cha 1:50,000, ambazo shule nyingi bado zinazo, zilichorwa kwa msingi uitwao Arc 1960. Jina hilo latokana na kazi kubwa ya kupima ardhi kufuata longitudo ya nyuzi 30 Mashariki, kutoka kusini mwa Afrika hadi Misri. Mstari huo hupita magharibi ya Mkoa wa Kagera, karibu na Kigali. Simu na vipokezi vya GPS, kwa upande wao, hutumia msingi wa WGS 84, ambao kitovu chake ni kitovu cha dunia nzima.

Tofauti ya misingi hii miwili katika eneo la Bukoba ni meta 300 hivi. Mtu akisoma nambari kwenye ramani ya zamani na kuziingiza katika simu bila kuzibadili, simu itampeleka yapata meta 290 kaskazini na meta 80 magharibi ya mahali alipopakusudia. Katika ramani ya 1:50,000, huo ni urefu wa milimeta 6 tu. Lakini katika nchi yetu ya magenge na mabonde, meta 300 zaweza kuwa tofauti ya kuwa juu ya genge na kuwa chini yake. Ya kuwa kwenye rweya na kuwa ndani ya kibanja cha jirani. Ya kuwa nchi kavu na kuwa ziwani. Wala simu haitatoa onyo lolote. Itasema: umefika.

Dawa yake ni desturi moja tu: kila nambari ya mahali iandikwe pamoja na jina la msingi wake na kadiri ya kosa lake. Nambari isiyo na mambo hayo mawili ni kama uzito uliotajwa bila kusema ni kilo au ratili.

MSTARI WA UZI MMOJA

Watu wa Kagera wana sababu ya pekee ya kulifahamu somo hili. Tarehe 1 Julai 1890, Waingereza na Wajerumani walikubaliana kugawana nchi za magharibi ya Ziwa Viktoria kwa mstari wa latitudo ya uzi 1 Kusini. Walioutia sahihi mkataba huo walikuwa Berlin, na mstari wenyewe ulikuwa haujapimwa. Wapimaji wa pande zote mbili walifika baadaye, kati ya mwaka 1902 na 1904, wakatafuta latitudo kwa kutazama nyota, na nguzo za mpaka zikasimikwa.

Kipimo cha nyota hutegemea timazi, na timazi huvutwa kidogo na vilima na uzito wa miamba. Kwa hiyo latitudo ya nyota na latitudo ya setilaiti huweza kutofautiana hata kwa mamia ya meta, bila ya mpimaji yeyote kufanya uzembe. Mtu akisimama Mutukula na simu inayoonyesha nyuzi 1 kamili, asidhani ameuona mpaka. Mpaka wafuata nguzo zilizokubaliwa, haufuati kioo cha simu. Wahaya waliijua kanuni hii zamani: kati ya kibanja na kibanja hupandwa omuramula, na ugomvi ukizuka, wazee huutazama mti huo kwanza.

Madhara ya kukataa alama zilizokubaliwa ni makubwa. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, na Amin akatangaza kwamba ardhi yote hadi Mto Kagera ni ya Uganda. Watu waliuawa, mifugo iliporwa, daraja la Kyaka lilivunjwa. Vita vilivyofuata vilifika Kampala tarehe 11 Aprili 1979, na mpaka ukabaki kama ulivyokuwa.

MATAYARISHO YA MATEMBEZI

Vifaa ni vichache: simu au kipokezi kimoja, dira, ramani kama ipo, daftari, penseli, na kopo lenye kifuniko kisichopitisha maji, kwani mvua ya Bukoba ni nyingi. Ndani ya kopo mna daftari dogo na vitu vya thamani ndogo, kama vile kifutio au ushanga. Chakula, dawa na vitu vyenye makali visiwekwe kamwe.

Mahali panapofaa ni rweya iliyo wazi juu ya kijiji, uwanja wa shule, au kando ya njia ya miguu katika kata kama Nyanga ya Manispaa ya Bukoba, ambako anga haikuzibwa na majani. Ndani ya migomba minene au chini ya genge, mawimbi huzuiwa au huakisiwa, na kosa huongezeka. Mwenye ardhi aombwe ruhusa, na mwenyekiti wa mtaa au kijiji aarifiwe, ili kopo lisiwatie watu hofu. Kopo hufichwa juu ya ardhi, chini ya jiwe au shinani mwa mti, halifukiwi. Ukingo wa genge na ufuko wa ziwa wenye viboko na mamba viepukwe.

Kazi igawanywe. Mtoto mmoja asome simu, mwingine ashike dira, wa tatu aandike. Mzee wa familia apewe kazi ya kutaja majina ya mahali wanapopita na sababu ya kila jina, na majina hayo yaandikwe kando ya nambari. Simu ikielekeza upande mmoja na mzee akasema kule hakuna njia, asikilizwe mzee. Simu huonyesha mstari ulionyooka, haioni bonde la matope lililoko katikati.

HAZINA ISIYOGUSWA

Si kila mahali paruhusiwa kuachwa kopo. Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyoanzishwa mwaka 2019 na ambayo sehemu yake imo Wilaya ya Muleba, hutembelewa kwa kufuata taratibu zake. Mgeni haachi kitu wala haondoki na kitu. Vivyo hivyo Katuruka, karibu na Maruku, ambako uchimbaji wa miaka ya 1970 ulifichua tanuri za kale za kuyeyushia chuma. Habari za ufundi huo zilichapishwa na Peter Schmidt na Donald Avery katika jarida la Science mwaka 1978. Mtu akichimba au kuhamisha kipande kimoja cha tanuri, ushahidi wa mafundi hao hupotea, kwa kuwa mahali kilipokuwa ndiyo nusu ya maana yake.

Kwa mahali kama hapo hazina huwa ni swali. Watafutaji hupewa nambari, na wakifika hujibu kwa kutazama tu. Mbele ya magenge ya Bukoba, kwa mfano, wanaweza kuulizwa: tabaka za mwamba huu wa mchanga zimelala kuelekea upande gani? Mwamba huo ni wa kale sana, na wanajiolojia wameupa mfumo mzima wa miamba ya namna hiyo jina la mji huu. Atakayejibu sawasawa ameipata hazina, na ameiacha palepale kwa ajili ya mwingine.

MAZOEZI

1. Simama mahali pamoja uwanjani. Andika nambari za simu kila dakika kwa dakika kumi. Tafuta wastani, kisha eleza kwa meta jinsi vipimo vilivyotawanyika. Rudia zoezi chini ya migomba. Tofauti inatokana na nini?

2. Mji wa Bukoba uko kilometa ngapi kusini mwa latitudo ya uzi 1 Kusini?

3. Dira ikikosewa kwa uzi 1, utakuwa umekengeuka meta ngapi baada ya kwenda kilometa 1? Na baada ya kilometa 3?

4. Chagua njia panda inayoonekana wazi katika ramani ya Arc 1960 ya wilaya yako. Soma nambari zake, kisha nenda uzisome kwa simu mahali penyewe. Pima tofauti na mwelekeo wake, ulinganishe na maelezo ya makala haya.

5. Kusanya kutoka kwa wazee majina kumi ya mahali katika kijiji chako, uyaandike pamoja na nambari, msingi wa vipimo na kadiri ya kosa. Karatasi hiyo itunzwe shuleni.