ELIMU YA KUMUOKOA MAJERUHI

Watu wetu ni wepesi wa huruma. Gari likipinduka njiani, vumbi halijatulia bado, watu hukusanyika. Huyu ashika mkono, huyu ashika mguu, na majeruhi hutupwa garini kama gunia. Nia yao ni njema, hatuna shaka; lakini nia njema isiyo na elimu huenda ikakimaliza kile ambacho ajali ilikibakisha. Kwa hiyo twaona yafaa somo letu la leo liwe juu ya huduma ya kwanza.

Twachukua mfano wa Kisaju, katika kaunti ya Kajiado, kwani watu wa pwani waendao Namanga na Arusha kwa kupitia Nairobi hupita hapo, baada ya Kitengela na kabla ya Isinya. Njia ni kuu, yenye malori. Na kando yake ni nyika za malisho, zenye nyoka. Basi mambo mawili yampasa mpita njia kuyajua: ajali ya gari, na kuumwa na nyoka.

Amma ajali, jambo la kwanza ni kusimamisha magari mengine kwa ishara iwekwayo mbali, kwani mwokozi akigongwa, majeruhi huwa wawili.

La pili ni pumzi. Asiyeitika wala havuti pumzi sawasawa, mlaze chali mahali pagumu, uweke viganja viwili katikati ya kifua, ukandamize kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Usiache mpaka aamke au afike tabibu.

La tatu ni damu. Weka kitambaa safi juu ya jeraha, ukandamize kwa nguvu bila ya kufunua kila mara kutazama. Kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu yake. Majivu, tumbaku, kahawa na udongo havifai kutiwa katika jeraha. Udongo huweza kuleta pepopunda.

La nne ni mgongo. Aliyegongwa huenda mfupa wa shingo umevunjika, na kumpinda ni kumpoozesha maisha. Basi aachwe alipo, na mtu mmoja amshike kichwa kisitikisike, mpaka iletwe machela. Ila pakiwa na moto au hatari nyingine, ataondolewa.

Amma nyoka, wa kuogopwa sana huko ni kifutu, kwani hulala kimya njiani asiondoke hata akanyagwe, na sumu yake huozesha nyama. Wengi wetu hukimbilia kuchanja, kunyonya, kubandika jiwe jeusi, au kufunga kamba ya kukaza. Yote haya hayafai. Na kamba ndiyo mbaya zaidi, kwani huizuia damu, na kiungo kikafa. Lililo sawa ni kumtuliza mgonjwa, kumvua pete na bangili kabla ya uvimbe, kufunga kiungo kwa kijiti kama kilichovunjika ili kisitikisike, na kumpeleka hospitali upesi. Nyoka asisakwe, asije akamuuma wa pili. Na aliyetemewa sumu machoni na swila, aoshwe papo hapo kwa maji mengi safi. Jambo hili si dogo: mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilitia kuumwa na nyoka katika orodha ya maradhi yaliyopuuzwa.

Huenda mtu akasema: "Nikimpeleka hospitali, nitadaiwa fedha kwanza, naye afie mlangoni." Jawabu ni kwamba Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 43, imekataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Asiyeijua haki yake ataachaje kurudishwa? Basi ijueni, muidai kwa adabu na kwa uthabiti. Na nambari za kuomba msaada ni 999 na 112.

Ndugu zetu, kusoma makala haya hakutoshi. Mikono nayo yataka kufunzwa. Msalaba Mwekundu wa Kenya na St. John Ambulance hufundisha kazi hii. Elimu hii ni katika fardhi za kifaya: wakiijua baadhi yetu, wengine wamesalimika, tukiiacha sote, sote tuna lawama. Basi kila mtaa na utoe japo watu wawili, mwanamume na mwanamke, wakajifunze kabla ya siku ya haja kufika.