Magamba Juu ya Miti ya Matunda

Mchungwa ukianza kukauka ncha za matawi, na majani yake kugeuka manjano, mwenyewe hulilaumu jua au udongo, na pengine jicho la jirani. Mara nyingi adui yuko pale pale mbele ya macho yake, ameganda juu ya tawi wala hasogei. Madoa madogo ya rangi ya kutu, ambayo mtu hudhani ni sehemu ya gome, huwa ni wadudu hai wanaofyonza mti. Hao ndio wadudu wa magamba.

Mdudu huyu akiisha kuanguliwa ana miguu sita, naye hutambaa kwa muda mfupi akitafuta makao. Wakati huo ni kama chembe ya vumbi, hata upepo waweza kumpeleka mti mwingine. Apatapo mahali pa kumfaa huchoma mdomo wake, ulio mwembamba kama uzi, akaanza kunywa utomvu na kujifunika. Jike wa aina nyingi haondoki tena hapo mpaka afe.

Ili kujua kama doa ni gome au mdudu, yatosha kulibandua kwa ncha ya sindano. Likibanduka, na chini yake kukawa na kiwiliwili laini chenye majimaji, huyo ni mdudu aliye hai. Likiwa kavu na tupu, mdudu alikwisha kufa zamani, maana gamba hubaki mtini muda mrefu baada ya mwenyewe kufa. Wako watu wanaonyunyiza dawa juu ya magamba matupu, wakapoteza fedha zao bure! Tena gamba lenye kitundu kidogo cha mviringo lina habari njema: humo alitoka nyigu mdogo sana, ambaye alikulia ndani ya mdudu na kumwua.

Aina zake ni nyingi. Gamba jekundu la michungwa ni la mviringo, upana wake kama milimita 2, nalo hushika matawi, majani na hata matunda yenyewe. Gamba la kijani ni laini na bapa, umbo lake kama yai, na katikati ya mgongo huonekana mstari mweusi uliopindapinda. Hupenda kujipanga kando ya mshipa mkubwa wa jani na juu ya machipukizi. Katika miembe liko gamba jeupe, ambalo huacha mabaka mekundu hafifu juu ya ganda la embe. Nyama ya embe hilo yaweza kuwa nzuri, lakini mnunuzi hulikataa.

Tofauti moja yafaa ishikwe sana. Gamba la kijani hutoa maji matamu, na juu ya maji hayo huota ukungu mweusi kama masizi ya jikoni. Ukungu wenyewe hauli jani, ila hulizuia lisipate mwanga. Sisimizi nao huja kunywa, kisha huwalinda wadudu hao na maadui zao kama wachungaji walindavyo ng'ombe. Gamba jekundu halitoi maji hayo. Kwa hiyo mti wenye masizi na njia ya sisimizi haufai kutafutiwa gamba jekundu kwanza.

Je, kuna haja gani ya kujua aina? Wakulima wa kahawa wa Kenya walipata jibu kwa taabu. Katika miaka ya 1920 mibuni yao iliingiliwa na vidung'ata, jamaa wa wadudu wa magamba, wenye unga mweupe mwilini. Wataalamu walidhani ni aina iliyokwisha kujulikana, wakatafuta maadui zake katika nchi za mbali za Asia, wasifanikiwe. Mwaka 1935 ilitambulikana kwamba ni aina ya peke yake, nayo ikapewa jina la Kenya. Ndipo wakatafuta karibu, na mwaka 1938 nyigu wadogo wakaletwa kutoka Uganda. Hao ndio walioipunguza balaa ile.

Basi mwenye mti yafaa kwanza awazuie sisimizi. Matawi yanayogusa ardhi na yakatwe, na shina lizungushiwe utepe wa kitambaa au karatasi uliopakwa grisi, wala grisi isipakwe juu ya gome lenyewe. Machipukizi yaliyojaa magamba yakatwe na kuchomwa moto. Ikiwa bado wengi wamo, mafuta mepesi yaliyotengenezwa kwa kunyunyizia miti huwaziba pumzi, hasa wale wachanga wanaotambaa. Lakini yasinyunyizwe wakati wa jua kali wala juu ya mti wenye kiu. Dawa kali za sumu huwaua nyigu pia, na mara nyingi magamba hurudi kwa wingi kuliko mwanzo. Akiwa na shaka, akate kitawi chenye wadudu, akifunge ndani ya karatasi ili wasitawanyike njiani, ampelekee Bwana Shamba akitazame kwa kioo cha kukuzia.