Siga ya miaka mingi sio lazima iwe nzuri: somo lililonigharimu laki mbili

Leo naongea na wenye maduka ya zawadi kama langu, ila hata wa duka la kawaida asome tu.

Mimi niko Arusha. Kuna hoteli ilikuwa inafunga kaduka kake, nikaambiwa zimebaki siga 19 za Cuba kwenye boksi la 25. Siga nasema zile nene za majani matupu ya tumbaku, sio sigara za pakiti. Nikageuza boksi, chini pana muhuri: NOV 04. Huo ni mwezi na mwaka zilipowekwa kwenye boksi. Wanaandika Kispaniola kwa kifupi, yaani ukikuta ENE ni Januari. Nilishasikia siga ikikaa inanoga, nikajua nimeokota dhahabu. Nikatoa 200,000.

Nikaziweka kabati la kioo pale mbele, jua la mchana linapiga, na kibao "SIGA ZA ZAMANI". Moja 45,000.

Tatu zikatoka. Ya nne alinunua mzee Mjerumani aliyeletwa na guide ninayemtegemea sana, msimu wa watalii karibu nusu ya wateja wangu wanatoka kwake. Mzee akakaa barazani, kuikata tu jani la nje likapasuka. Akawasha, akavuta taratibu, haikufika hata theluthi akaiweka chini. Guide akanigeukia: "Dogo, mzee anasema hii imekufa. Eti kama anavuta karatasi." Nikarudisha hela. Hela sio ishu, ishu ni sura ya yule guide. Wiki tatu hakuleta mtu.

Ndio nikaanza kusoma, baada ya hasara kama kawaida yetu. Kumbe siga mpya huwa na ukali wa amonia, na ikikaa ule ukali unapungua, ladha inatulia. Hapo ndipo watu wanasema imenoga. Lakini yale mafuta ya kwenye jani yanayobeba harufu nayo yanapungua kidogo kidogo. Siga nyepesi huwa zinachoka mapema, nzito zinavumilia zaidi. Na yote hayo ni kama imetunzwa: unyevu asilimia 65 hadi 70, joto la nyuzi 18 hadi 21 hivi, mbali na jua. Joto likizidi kuna wadudu wadogo wa tumbaku, mayai yao yanaanguliwa humo humo ndani, unakuta siga ina vitundu kama imepigwa sindano.

Sasa mimi nikajipa moyo: labda zimekauka tu. Nikachukua mbili, nikaziweka kwenye kopo la plastiki la mfuniko wa kubana, pamoja na vile vipakiti vya kutunza unyevu. Mwezi mzima. Usiloweshe haraka, jani linavimba na kupasuka. Zikarudi laini kabisa, ukibonyeza zinanesa. Nikampigia guide, nikamwomba radhi, nikamwambia kaka njoo tujaribu. Mimi sio mvutaji na simshauri mtu aanze, ila siku ile nilionja. Iliwaka vizuri, moshi mwingi, ladha hakuna. Guide anazijua siga, akavuta mara tatu akacheka: "Dogo, maji yamerudi, tumbaku haijarudi."

Kwa hiyo ukavu unatibika, kuchoka hakutibiki, na kwa macho huwezi kutofautisha. Siku hizi nikiletewa boksi la zamani nanunua moja kwanza, guide anaivuta, ndio tuongee bei. Muuzaji akikataa namwacha na mzigo wake.

Zile 13 zilizobaki nimezitoa kabatini. Boksi tupu la mbao kalipenda dada mmoja wa kuwekea hereni, kanipa 30,000.