Nibadili lafudhi yangu ya Kiingereza?

Shangazi, mimi ni mwalimu kijana, nafundisha Kiingereza katika sekondari moja hapa Mpanda. Nimekulia kwa wafugaji wa Kisukuma. Nikisoma kwa sauti, "rice" hugeuka "lice" na darasa zima huangua kicheko. Mwenzangu ananihimiza niige matamshi ya Waingereza. Nifanyeje?
Mwalimu, Mpanda

Pole sana mwanangu. Kicheko cha watoto unaowafundisha kinauma. Lakini kabla ya kuiga, jiulize: Waingereza wepi? Miaka ya 1950, Harold Orton wa Chuo Kikuu cha Leeds na wenzake walianza kukusanya matamshi ya wenyeji katika maeneo 313, mengi yakiwa vijiji vya Uingereza. Walikuta tofauti nyingi, nazo zina utaratibu. Mpaka leo watu wengi wa kaskazini hutamka "bus" kwa irabu inayokaribia "u" yetu, na wa kusini huisogeza kwenye "a". Waskoti wengi huitamka "r" ya "car". Huko London wengi huiacha, ikasikika "kaa".

Matamshi yako nayo yana utaratibu. Kisukuma hakitenganishi "r" na "l", basi sikio lako lilizoea kuzihesabu sauti moja tangu utotoni. Huo si uvivu wala upungufu wa akili.

Hata hivyo, wewe ni mwalimu, na mtoto huandika anachosikia. Lafudhi inayoonyesha tu kwenu ni wapi, iache. Inayobadili maana, irekebishe. Anza na sikio. Mwombe huyo mwenzako akusomee "read" na "lead", "pray" na "play" bila mpangilio, nawe useme ametamka lipi. Ukishazitofautisha, ndipo ufundishe ulimi: kwenye "l" ncha yake inagusa ufizi wa juu na kutulia, pumzi ikipita pembeni; kwenye "r" ya Kiswahili inapigapiga hapo haraka. "R" hiyo inatosha kabisa kwa Kiingereza. Jirekodi kwa simu, ujisikilize.

Usisahau pia ulichorithi. Kiswahili kina irabu tano. Kisukuma kina saba, na hutofautisha fupi na ndefu. "Ship" na "sheep" huwachanganya wengi waliokulia Kiswahili peke yake, lakini wewe unazo irabu za kuzitenganisha. Zitumie.

Darasani usifiche shida yako ya "r" na "l". Mkoa wenu wa Katavi una Wabende, Wapimbwe, Wakonongo, Wafipa, Wasukuma na wenye asili ya Burundi walioko Katumba na Mishamo. Tenga kipindi kimoja, kila mwanafunzi ataje sauti ya Kiingereza inayomsumbua, muiandike ubaoni na kuifanyia mazoezi pamoja. Wataelewa kwamba kila mmoja ana sauti yake ya kujifunza, na watakuheshimu kwa kuwaonyesha njia.